Mstari wa Nukta

Tangu tumzike mume wangu, hakuna mtu aliyenibishia. Nikisema chai imekosa sukari, inaongezwa; nikisema imezidi, inamwagwa na kupikwa nyingine, wala hakuna anayeniuliza leo umeamkaje. Mwanangu akipiga simu kutoka huko anakofanya kazi, nikimwambia nauza nyumba anasema, "Wewe tu, mama, unavyoona." Nikimwambia baadaye siuzi tena, anasema vilevile. Hata wifi yangu, dada wa marehemu, mwanamke niliyegombana naye tangu siku ya harusi yangu juu ya kila jambo lenye jina, siku hizi ananiita wifi yangu kipenzi. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Mimi ni mchoraji wa ramani za barafu. Watu wakisikia hivyo husema "ahaa" na kubadilisha mazungumzo, kwa hiyo nitaeleza upesi. Juu ya mlima wetu kuna barafu ya kudumu, ile isiyokwisha kiangazi. Kila mwaka, theluji ya msimu ikishayeyuka na mawingu yakituhurumia, setilaiti huipiga picha kutoka juu. Sisi ofisini tunaifungua picha hiyo kwenye kompyuta, tunaivuta karibu, kisha tunauzungushia mstari ukingo wa barafu. Mstari wa mwaka huu ukiulaza juu ya ule wa mwaka jana unaona mlima umepoteza nini. Kila mwaka unapoteza. Sijawahi kuchora mstari uliotoka nje ya ule uliotangulia.

Kazi hii haifanywi na mtu mmoja, kwa sababu jicho likiwa peke yake huona linachokitaka. Kanuni ni watu wawili, kila mmoja na kompyuta yake, kila mmoja na mstari wake, na hakuna kuchungulia. Wakimaliza wanailaza mistari miwili pamoja, na pale inapoachana wanabishana. Anayeshindwa anaufuta mstari wake kwa mkono wake mwenyewe. Mshindi haruhusiwi kumfutia. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Wakishindwa kuafikiana kabisa, sehemu hiyo inachorwa kwa mstari wa nukta, ili msomaji wa ramani ajue kwamba hapa watu wawili wameangalia kitu kimoja na hawakukiona sawa.

Mstari wa pili ulikuwa wa mume wangu. Tuliingia ofisi ile tukiwa vijana, tukaanza kwa kubishana juu ya kivuli cha mwamba, na kabla kivuli hakijapata mwenyewe akawa ameshaleta posa kwetu. Yeye alikuwa mtu wa kupanda. Kila kiangazi alibeba kifaa cha kupimia mahali, akautembea ukingo wa barafu kwa miguu, akarudi akinuka moshi na soksi. Mimi magoti yangu hayakuwahi kuupenda mlima. Nilibaki chini na picha.

Sasa, chini kabisa ya barafu yetu, pale inapoishia bondeni, kuna sehemu ya kijivu ya mawe na vumbi tuliyoiita Ulimi. Mume wangu alisema ile ni barafu iliyojifunika mawe yaliyoporomoka kutoka kwenye kuta za mlima, na ukichimba utaikuta. Mimi nilisema jiwe ni jiwe. Picha ya setilaiti haimsaidii mtu hapo, kwani mawe yaliyolalia barafu na mawe yasiyolalia kitu yana rangi moja. Mwaka mmoja alirudi akaapa kwamba amechimba na ameiona kwa macho yake. Nikamwuliza picha iko wapi. Akasema betri ilikwisha. Nikamwambia betri za waongo ndizo huisha mapema.

Tulibishana juu ya Ulimi ofisini, tukabishana garini, tukabishana jikoni yeye akimenya vitunguu na machozi yakimtoka, nami nikimwambia alie tu, haki yake. Watoto walikua wakidhani Ulimi ni jirani fulani mwenye vituko. Hakuna aliyemshinda mwenzake. Kwa hiyo kila ramani iliyotoka mikononi mwetu, mwaka hata mwaka, ilikuwa na mstari wa nukta kule chini. Mtu akitaka kujua ndoa yangu ilikuwaje, aangalie hapo.

Alikufa kwa presha, hospitalini, mchana, mimi nimetoka kumnunulia maji.

Niliporudi kazini baada ya msiba, Mkuu wetu aliniita. Ni mtu mwema, mwenye tabia ya kunyoosha karatasi zilizokwisha kunyooka. Alinipa pole, akaniambia picha ya mwaka huu imefika na ni safi, haina wingu hata moja, na kwamba amempata mtu wa kushika nafasi ya pili.

"Kuhusu Ulimi," akasema, akinyoosha karatasi, "mstari wa nukta unataka wabishi wawili. Mkikubaliana, basi, tutauondoa. Mnavyoona."

Nikasema sawa. Nami nilikuwa nimeambukizwa.

Nitasema wazi nilichokuwa nacho moyoni, maana sipendi kumzungusha mtu. Nilitaka mstari ule ubaki. Nilitaka kwa nguvu zilizonitia aibu. Lakini sikuweza kuuchora mimi, kwa sababu mstari wangu ni kile ninachokiona, na mimi naona mawe. Kuchora wa kwake kwa mkono wangu kungekuwa kughushi sahihi ya marehemu. Ili mstari wa nukta ubaki, ilibidi mtu mwingine aangalie kule chini kwa macho yake na aone barafu.

Mtu huyo alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mama wa mtoto mmoja, msomi wa picha za setilaiti kuliko sisi wote. Ofisi nzima ilimwita Mpya, na alionekana hajali. Alikaa kwenye kiti cha mume wangu. Aliuliza kwanza, nikamjibu kiti ni kiti, akakaa ukingoni kabisa kama aliyekuja kuomba kazi. Nikimwambia fungua dirisha, sawa mama. Nikimwambia picha hii ina ukungu upande wa kushoto, sawa mama, na picha haikuwa na ukungu popote. Nilikuwa namjaribu.

Tulichora. Tulimaliza. Nikaita mistari yote miwili kwenye kioo kimoja, wangu mwekundu na wake wa bluu, na sikuuona wa bluu. Nikadhani kompyuta imegoma. Nikavuta karibu, nikavuta tena. Wa bluu ulikuwepo, umelala chini ya mwekundu, umefunikwa kote. Kule chini umeuacha Ulimi nje kama nilivyouacha mimi.

Moyo uliniuma. Mtu ameona alichokiona. Nilikuwa naelekeza mkono kwenye kipanya ili nifunge nilipokiona kijino.

Upande wa juu kuna mwamba unaotupa kivuli kirefu juu ya barafu. Siku nilipokuwa nachora hapo, wifi alinipigia simu kuniuliza kama nimekula. Mkono uliteleza, mstari ukaingia ndani ya kivuli na kutoka, ukaacha alama kama jino la mtoto. Nilisema nitakirekebisha, nikakisahau. Mstari wa bluu nao ulikuwa na kijino, mahali palepale, kimeinama upande uleule. Mtu anaweza kuona unachokiona wewe popote pale. Hawezi kupigiwa simu na wifi yako.

"Umechungulia," nikamwambia.

Mpya hakukana. "Macho hayana pazia, mama."

"Mstari wako mwenyewe uko wapi? Ule wa kabla hujauona wangu."

"Niliufuta."

"Kule chini ulikuwaje?"

"Mama, tuache tu. Wako ndio sawa."

"Nimekuuliza ulikuwaje."

Alitazama mikono yake. "Nilifika pale nikasita. Nikasema, mimi ni nani nianze kubishana na mfiwa? Nikaangalia wako, nikafuta wangu, nikaufuata wako wote. Sikuwa na nia mbaya."

Najua hakuwa na nia mbaya. Hakuna hata mmoja wao mwenye nia mbaya. Wote wananivika kilemba cha ukoka kwa upendo kabisa. Lakini nilikasirika hadi masikio yakaziba. Nilimwambia mstari wa kunakili ni mbaya kuliko kukosa mstari, kwa sababu unamfanya mjinga mmoja aonekane wawili. Nilimwambia afute. Akasema sawa mama, nami nikatoka nje nikasimama kwenye kibaraza cha ofisi, karibu na matangi ya maji, mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama naumwa.

Jioni hiyo nilirudi nyumbani, nikapasha chakula, nikawasha televisheni. Mtangazaji wa hali ya hewa alisema kesho mvua. Nikamwambia mwongo, huoni mawingu yanakwenda juu? Akaendelea na habari zake. Nikabaki na kijiko mkononi nikifikiria jambo ambalo sikuwahi kulifikiria katika miaka yote ya kusema lugha hii. Anayegonga mlango wako tunasema amebisha, na anayekukatalia neno lako tunasema amebisha. Wa kwanza anataka kuingia ndani. Nadhani hata wa pili anataka hivyohivyo. Na nyumba yangu ilikuwa imekaa tangu msiba bila mtu wa kubisha kwa namna yoyote ile. Nililia hapo mezani, kwa sauti, kwa kuwa hapakuwa na wa kumsumbua.

Asubuhi nilimwambia Mkuu nataka kupanda mlima na Mpya, tukaupime Ulimi kwa miguu. Angeweza kuniambia una magoti mabovu. Angeweza kuniambia umri umekwenda. Alinyoosha karatasi, akasema sawa.

Gari la ofisi lilitufikisha barabara inapokwisha, na kutoka hapo tulitembea na wapagazi wawili waliokuwa wakipanda na mume wangu. Walitembea pole kwa ajili yangu na kujifanya wao ndio wamechoka. Magoti yalinipigia kelele njia nzima. Mpya alikuwa mbele yangu, kila mara akigeuka, na kila nilipomwambia niko salama alisema sawa. Kambini tulilala hema moja. Nilimsikia akimsemesha mtoto wake kwa kunong'ona, ingawa simu haikuwa na mtandao. Alikuwa anarekodi sauti yake ili aje kumtumia akishuka. Nilimwonea wivu kwa kuwa na mtu wa kumwekea maneno.

Tulipofika kwenye Ulimi, jua lilikuwa limekwisha kupanda. Nilikuwa nimepaangalia mahali pale kutoka juu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na sikupatambua. Kwenye picha ni kijivu kimoja. Pale chini kulikuwa na mawe meusi na mekundu, mengine makubwa kuliko kabati, na kati yake mchanga na tope. Juu zaidi, mbali kidogo, barafu yenyewe ilionekana, ndogo kuliko nilivyoitegemea, chafu ukingoni, ikidondosha maji.

"Utaratibu ni uleule," nikamwambia Mpya. "Unaangalia mwenyewe, unachimba mwenyewe, unaniambia mwenyewe."

"Sawa, mama."

Tulichimba kwa sepeto. Shimo la kwanza lilitoa mawe, mchanga, tope. La pili vilevile. Mpya alichomeka kipimajoto ardhini, akakisoma, akaandika. Nilimwambia tuhamie pale penye unyevunyevu.

"Unauona unyevu huu?" nikasema. "Maji haya yanatoka wapi? Kuna kitu chini kinayeyuka."

Akachimba. Nikachimba naye. Shimo likafika magotini, na chini yake kulikuwa na tope lenye uvuguvugu wa jua.

"Tuzidishe," nikasema.

"Mama."

"Barafu haikai juujuu. Imejifunika. Mtu akijifunika blanketi utasema hayupo kitandani?"

Nilisikia maneno yale yakitoka kinywani mwangu, na nikayajua. Blanketi lilikuwa la mume wangu. Unyevu ulikuwa wake pia, aliwahi kuutaja akiwa na kisu cha vitunguu mkononi. Mimi niliyeshika kani ya jiwe ni jiwe tangu ujana, nimesimama shimoni namtetea mtu aliyekufa kwa hoja nilizozicheka. Sikuweza kuacha. Nilichukua sepeto kutoka mkononi mwa Mpya nikachimba peke yangu, kwa fujo, tope likinirukia usoni.

"Mama, hapana," akasema Mpya.

Nikasimama. "Hapana nini?"

Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, lakini hakutazama pembeni. "Hapana. Hakuna barafu hapa. Ni mawe."

"Na unyevu?"

"Unatoka kule juu, kwenye barafu yenyewe. Ufuatilie kwa macho, unaona mchirizi. Unapita tu hapa."

"Na huu mteremko? Mbona umebonyea katikati? Kitu kimetoka chini yake."

"Kama kingekuwa bado kinatoka, tungeona nyufa. Mawe yangekuwa yanacheza. Nimeyakanyaga tangu asubuhi, hakuna hata moja linalotikisika." Aliinama, akasukuma jiwe moja kando kidogo. Katikati ya mawe kulikuwa na majani membamba, mafupi, ya kijani kibichi. Aliyavuta, yakakataa kutoka. "Haya yameota msimu mmoja kweli, mama? Mizizi imeshika. Majani hayawezi kuota juu ya barafu."

"Alichimba akaikuta. Aliiona."

"Labda aliiona. Mimi sikuwepo. Lakini sisi tunachora kilichopo, si ndiyo kanuni?" Sauti yake ilikuwa imepanda, na wapagazi kule mbali waligeuka kutazama. "Wewe mwenyewe kwenye ramani zako zote umesema ni mawe. Nimezisoma zote kabla sijaja hapa. Ulikuwa sahihi, halafu leo nisipokubali kwamba umekosea unaninyang'anya sepeto. Sikubali. Hata ukasirike, sikubali."

Nilibaki na sepeto mkononi. Nilitafuta hoja nyingine, kwa haki kabisa, kama tulivyozoea. Niliangalia mteremko, tope, majani. Nilijaribu la baridi ya upepo, akalijibu kabla sijalimaliza. Nilijaribu la rangi ya maji, akacheka, kisha akaziba mdomo. Nilikuwa na hasira naye, hasira safi, ya kawaida, ambayo sikuwa nimeionja kwa muda mrefu, na damu ilinitembea hadi kwenye vidole vya miguu. Kisha hoja zikaniishia.

"Umenishinda," nikasema.

Tulikaa juu ya jiwe. Alinipa maji. Alianza kuniambia kwamba huenda miaka ile barafu ilikuwepo kweli, na kwamba mawe huchelewa kutoa siri yake, na nikaona anataka kurudi kwenye sawa mama. Nikamwambia asinipoze, akishinda ashinde vizuri. Halafu akatoa tableti kwenye mfuko, akafungua ramani, na chini kabisa ukaonekana ule mstari wa nukta, tuliokuwa tumeubeba kutoka mwaka jana tukisubiri uamuzi. Alinyoosha kidole, kisha akakumbuka kanuni, akanikabidhi tableti.

Mstari haukuwa wangu. Lakini wa kuusimamia nilikuwa mimi tu, nami nilikuwa nimeusimamia kwa nguvu zangu zote na nimeshindwa. Niliupangusa tope mkono wangu kwenye suruali. Nilianzia nchani mwa Ulimi, nikapanda nao kuelekea barafuni, upande ambao mume wangu alikuwa akiupandia, nukta moja baada ya nyingine, mpaka ukaisha. Ramani ikabaki na mstari mmoja mzima, mdogo, ambao hakuna aliyeupinga.

"Umekasirika, mama?" akauliza Mpya.

"Sana."

"Ule mwamba wa juu pia nadhani umeuchora vibaya," akasema. "Sizungumzii kijino. Kivuli chote."

Nikamwambia hajui anachokisema, na kwamba kivuli kile nimekichora tangu hajaanza shule. Akasema kukichora muda mrefu si kukichora sawa. Tukaanza kushuka, yeye mbele, tukibishana, na sauti zetu zikagonga kuta za mlima na kurudi. Nilikuwa nimempata mtu wa kunibishia. Kila aliponijibu nilisikia kwamba si mume wangu.